Mke Wetu Hajambo

Kaloleni, Arusha
8 Juni 2024

Babu yangu mpendwa, Mzee Sadoki,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na Bibi Tabea na yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa karibu kuzaa. Mimi ni mzima. Chumba changu ni kilekile, nyuma ya fundi cherehani, ila nimenunua blanketi la pili kwa sababu baridi ya mwaka huu imeshuka hadi mjini. Kama huku tunatetemeka, najua huko mlimani ukungu haufunguki hadi saa sita.

Ninaandika kwa sababu simu haitusaidii. Wewe huisikii, na Bibi nikimpigia husema, "Sisi wazima, usimalize salio," kisha anakata. Mama Blessing ameahidi kukuletea barua zangu kila anaporudi kutoka kuuza ndizi.

Babu, zahanati yetu imejaa. Tangu mwisho wa Mei wanakuja watu wenye homa, mafua makali, kikohozi na maumivu ya mwili mzima. Mimi karani ndiye ninayeandika majina yao kwenye rejista, kwa hiyo ninawaona wote kabla ya daktari. Wiki iliyopita niliandika majina kumi kwa siku. Jana niliandika arobaini na matatu. Dokta Shamina, mwenye zahanati, anasema ni virusi vya mafua ya msimu huu wa baridi. Kijana mwenye nguvu hulala siku nne, tano, akainuka. Mzee mwenye kifua kibovu anaweza kushindwa kupumua. Jana niliandika umri wa mama mmoja, miaka sabini na sita, kalamu ikanikwama. Ndio umri wa Bibi. Na mwaka jana, majira kama haya, Bibi alilazwa kwa kichomi.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya maelekezo. Nimeinakili kwa herufi kubwa ili usihangaike na miwani. Inasema watu wanawe mikono kwa sabuni, wakohoe kwenye kiwiko na si kwenye kiganja, wafungue madirisha, na anayeumwa abaki nyumbani. Halafu kuna jambo moja ambalo sikuliandika kwenye karatasi, ninaliandika hapa, na ninaomba usikasirike. Ni ule mstari wetu wa mikono baada ya ibada. Watu wanatoka wakiimba, kila mmoja anawapa mkono wote waliomtangulia, kisha anajipanga mwishoni apewe na wanaomfuata, hadi kanisa zima limeshikana na kanisa zima. Wewe, mwinjilisti mstaafu, ni wa kwanza kwenye mstari, na Bibi ni wa pili. Hakuna mkono usiopita kwenu. Naomba mpumzike hadi baridi iishe.

Nimeandika barua hii mara mbili ili isionekane kama ninakufundisha. Nisamehe kama bado inaonekana hivyo.

Mjukuu wako,
Brayson


Mlimani, juu ya Tengeru
17 Juni 2024

Mjukuu wangu Brayson,

Marahaba. Ng'ombe amezaa, ndama ni jike. Kahawa imeanza kuwa nyekundu upande wa mtoni. Mke wetu hajambo. Anasema mume wake wa mjini anunue blanketi la tatu na apunguze woga. Amekuita mume wake tangu wiki uliyozaliwa, nami nilikubali tushirikiane nikidhani utakua uchangie kuchanja kuni. Badala yake ukasoma.

Karatasi yako niliisoma kanisani jana baada ya matangazo. Mwandiko wako ulisifiwa. Mzee Philemoni alisimama, na nilimsoma midomo vizuri kwa sababu yeye huongea kama anayetafuna mua. Aliuliza, "Kwa hiyo mjukuu wako anasema sisi ni wachafu?" Nikamwonyesha palipoandikwa kwamba watu wanawe. Akasema, "Basi tunawe, tumalize maneno."

Akina mama wakaleta beseni kubwa la jikoni na mche wa sabuni, wakaliweka mlangoni. Tukanawa wote, watu mia na nne. Maji yalikuwa ya vuguvugu, hata watoto walifurahi. Na kwa kuwa mikono sasa ilikuwa safi, tukapeana bila wasiwasi. Wale ambao siku zote hutoa ncha za vidole, jana walishika kwa mikono miwili. Mstari haujawahi kuwa mzuri kama huo. Nakushukuru.

Kuhusu dirisha, chumba chetu kina moja tu, nalo linatazama mlima. Nimelipigilia ubao. Baridi inatokea huko, na kichomi ni baridi.

Kuhusu kuacha mstari, hapana. Usiniulize sana juu ya hilo.

Babu yako,
Sadoki


Kaloleni, Arusha
20 Juni 2024

Babu mpendwa,

Shikamoo. Hongera kwa ndama. Mwambie mke wetu blanketi la tatu limeshanunuliwa, ila woga bado sijapata pa kuuuza.

Babu, nilianza kusoma barua yako nimesimama, nikamalizia nimekaa. Beseni moja! Watu mia na nne! Nilimsimulia Dokta Shamina nikitegemea atasikitika, akacheka hadi akavua miwani. Kisha akaniambia kosa ni langu, na ni kweli. Niliandika "nawa" nikasahau kwamba kwetu kunawa ni beseni linalozunguka, kama kwenye sherehe. Aliyenawa wa mwisho alinawa mikono ya watu mia na tatu. Maji lazima yatiririke, yakishapita kwenye mkono wako yaende chini.

Kuna kitu kinaitwa kibuyu chirizi. Unachukua dumu la lita tano, unatoboa tundu dogo karibu na mdomo wake, unalining'iniza kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili, unafunga kamba kutoka shingo ya dumu hadi kwenye kijiti kilicho chini. Ukikanyaga kijiti, dumu linainama na maji yanachirizika. Ukiondoa mguu, linarudi. Hakuna anayeshika kitu zaidi ya sabuni. Nimekuchorea nyuma ya ukurasa huu.

Na dirisha, Babu, naomba ung'oe ubao. Dokta anasema kichomi hakiletwi na baridi yenyewe. Mtu mmoja mgonjwa akikohoa kwenye chumba kilichofungwa, virusi vinabaki humo humo na wenzake wanavivuta. Mvishe Bibi sweta mbili, lakini hewa ipite. Wenye barakoa wazivae kanisani, hasa wanaokohoa na wanaokaa karibu na wazee.

Nakumbuka ulisema nisiulize kuhusu mstari. Siulizi. Ninaomba tu.

Nitakuja Saba Saba kuwasaidia kuchuma kahawa. Nimeshaomba ruhusa.

Brayson wako


Mlimani, juu ya Tengeru
1 Julai 2024

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mke wetu hajambo, amekwishatenga ndizi na maziwa ya kugandisha ya kupikia loshoro kwa ajili ya Saba Saba. Usipokuja nitakula peke yangu, na daktari wako atakuwa na mgonjwa mwingine.

Kibuyu kimesimama mlangoni pa kanisa. Aliyekitengeneza ni Philemoni. Usishangae. Alitazama mchoro wako akasema fundi yeyote angeona kamba ni fupi, akatengeneza cha kwake. Siku ya kukijaribu alikanyaga kwa nguvu, maji yote yakamwingia kwenye viatu vya Jumapili. Akina mama walicheka mpaka wakashikana. Catherine, mke wa mwinjilisti mpya, akamwambia, "Mzee, tumesema mikono, wewe umeanza na miguu!" Sasa anakilinda kama mbuzi wake na hakubali mtu akanyage kwa kisigino.

Barakoa zimeshonwa. Nimewaambia wanaokohoa wavae, nao wanavaa. Lakini ujue jambo moja. Mimi ninasikia kwa macho. Mtu akifunika midomo, amenifunga masikio.

Na mstari umeachwa. Wazee wa kanisa walikaa Alhamisi, wakapiga kura, karatasi yako ikashinda. Jana tulitoka tukiimba, watu wakanipita kwa mbali wakiinamisha vichwa. Nadhani walisema shikamoo. Sina la zaidi kuhusu hilo.

Msumari mmoja wa dirisha nimeung'oa. Imebaki mitatu.

Sadoki


Kaloleni, Arusha
4 Julai 2024

Babu,

Shikamoo wewe na Bibi. Samahani kwa barua fupi. Sitaweza kuja Saba Saba. Kazi zimezidi na nimeombwa nibaki. Bibi asinisubiri.

Ninatuma sabuni sita na kipimajoto. Ng'oeni misumari iliyobaki, tafadhali.

Brayson


Mlimani, juu ya Tengeru
18 Julai 2024

Brayson,

Barua yako ilifika. Sabuni zimefika.

Mama Blessing alipita kazini kwako Jumatatu iliyofuata Saba Saba, akupe ndizi ambazo bibi yako alikuwa amekuwekea. Aliambiwa Brayson hayupo kazini wiki hii. Kwa hiyo hukuwa kazini, na hukuwa nyumbani kwako mlimani. Sijui ulikuwa wapi na siulizi. Mtu akishakuwa mtu wa mjini ana mambo yake.

Kahawa tumeichuma na majirani. Bibi yako yuko sawa. Anapumzika. Hakohoi. Bibi yako anakusalimu.

S. Mbise


Kaloleni, Arusha
19 Julai 2024

Babu yangu,

Shikamoo. Mama Blessing amenipa barua yako saa nne asubuhi, nami ninaandika nikiwa nimesimama kwenye meza ya mapokezi ili aondoke na jibu leo leo. Nitaruka habari za nyumbani, unisamehe.

Kwanza, ukweli wangu. Tarehe 3 Julai niliamka na homa. Mwili wote uliuma kama nimebeba magunia. Nikajua ni kile ninachokiandika kila siku kwenye rejista. Nililala chumbani siku nane. Mke wa fundi cherehani aliniwekea uji mlangoni, anagonga, anaondoka. Sikuja Saba Saba kwa sababu ningewaletea. Na sikuwaambia kwa sababu Bibi angesikia kwamba ninaumwa, angefunga kanga mbili na kushuka mwenyewe na chupa ya chai, na hakuna ambaye angemzuia. Nilidhani uongo mdogo utamkalisha nyumbani. Sasa nimepona kabisa na nimerudi kazini.

Pili. Babu, katika barua zako zote umeandika "mke wetu". Katika hii umeandika "bibi yako" mara tatu. Nimehesabu. Nilimwuliza Mama Blessing kama Bibi ni mzima, akaanza kupanga ndizi zake upya. Nimepiga simu mara nne, haipokelewi.

Unasema hakohoi. Babu, nisamehe kwa ninachokiandika: wewe ungesikiaje?

Tafadhali fanya hivi ukimaliza kusoma. Mkalishe Bibi. Weka kiganja chako mgongoni pake, chini ya bega. Shika saa yako kwa mkono mwingine. Hesabu kila mara mgongo unapoinuka, kwa dakika moja nzima. Pumzi zikifika thelathini, au midomo ikiwa na rangi ya buluu, au akianza kuongea mambo yasiyoeleweka, usiningoje mimi wala usingoje barua. Tafuta gari umpeleke hospitali.

Hata kama umekasirika, hesabu.

Brayson


Hospitali
24 Julai 2024

Mjukuu wangu,

Ninaandika kwenye benchi la nje ya wodi. Karatasi nimepewa na nesi anayeitwa Hanna, na amenikataza kukaa karibu sana na dirisha la wagonjwa, kwa hiyo mwandiko unatikiswa na upepo.

Zilikuwa thelathini na nne.

Nilihesabu mara mbili, nikidhani nimekosea. Nilipoweka mkono mgongoni pake, nilisikia kitu ambacho masikio hayakuwa yameniambia. Kifua kilikuwa kinakwaruza kama mashine ya kumenya kahawa. Mwanamke tuliyekaa pamoja miaka hamsini na mitatu alikuwa anakohoa kando yangu siku tano, na akiniona ninamtazama anaziba mdomo kwa kanga na kutabasamu. Nami nikakuandikia kwamba hakohoi.

Philemoni aliita gari la mpwa wake. Wamemwekea hewa ya oksijeni na dawa za kwenye mshipa. Ijumaa na Jumamosi zilikuwa ngumu. Jumapili alifungua macho akamwuliza nesi nani anakamua ng'ombe. Jana amekula uji. Daktari anasema kama tungechelewa siku mbili zaidi, hapendi kusema nini kingetokea.

Sasa na mimi nikuambie ukweli wangu, maana ulianza wewe. Jumapili ya Saba Saba, baada ya watu kunipita kwa mbali tena, nilimkuta Philemoni nyuma ya kanisa. Nikamnyooshea mkono. Akasema, "Mzee, tumekubaliana." Nikauacha mkono palepale hadi akaona aibu, akaushika. Kesho yake alilala kwa homa. Siku tano baadaye mimi nilipata mafua madogo, nikayaita vumbi. Kisha mke wetu. Sijui kama ni mkono ule. Inawezekana ni kitu kingine. Lakini ninaukumbuka.

Uliniomba kuhusu mstari, nikasema usiniulize. Sababu ni hii. Ninyi mkisalimiwa mnasikia sauti. Mimi miaka sita sasa sauti zimeisha. Siku saba ninaona midomo tu, na nusu ninakisia. Jumapili watu mia na tatu wananishika mkono, na kila mkono ninaujua: huyu amelima, huyu amefiwa, huyu ana furaha. Hapo ndipo ninasikia watu. Nilipoacha, kanisa zima lilinyamaza. Niliona aibu kumwandikia karani, mtu aliyesoma, kwamba babu yake analilia kushikwa mkono.

Nilikuita mtu wa mjini mwenye mambo yake, kumbe ulikuwa umelala peke yako ili sisi tusiumwe. Nisamehe.

Misumari yote nimeing'oa.

Babu yako


Kaloleni, Arusha
26 Julai 2024

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara tano. Mara ya tano nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma, Dokta Shamina akanikuta. Nilidhani ataniuliza kwa nini nimeacha rejista. Aliuliza, "Bibi?" Nikasema, "Amekula uji." Akasema, "Basi lia dakika tano, kuna watu foleni."

Foleni yenyewe imepungua. Jana niliandika majina kumi na mawili.

Babu, hakuna cha kusamehe. Mimi niliandika karatasi nzima kuhusu mikono na sikuuliza mkono una kazi gani kwako. Nimefikiri jambo moja dogo. Mstari urudi, lakini watu wasimame kwa kuachana, hatua mbili, na kila mmoja anapokufikia akupungie leso yake, na asimame mbele yako bila kuondoka mpaka umwone uso na umpungie. Si sawa na mkono, najua. Ila hutahitaji kukisia.

Kama ni wazo la kitoto, lipuuze.

Brayson


Mlimani, juu ya Tengeru
4 Agosti 2024

Mjukuu wangu Brayson,

Marahaba sana. Tumerudi nyumbani tangu Jumanne. Ndama anakunywa kama bomba. Ukungu leo umefunguka saa tatu, mlima ukaonekana wote hadi kileleni, na ninauona kutoka kitandani kwa sababu dirisha liko wazi. Baridi inaingia, nimevaa koti la mvua ndani ya nyumba, usicheke.

Wazo lako nililipeleka kwa wazee. Leo tumelijaribu. Watu walinawa kwenye kibuyu, Philemoni akisimamia visigino vyao, wakatoka wakiimba, wakajipanga kwa hatua mbili mbili. Wa kwanza alikuwa Catherine na leso nyeupe. Alisimama mbele yangu hadi nikapunga. Wakafuata wengine, leso za kila rangi, asiye na leso akapunga kilemba, na mzee Ephraimu alivua kofia akaipunga kwa dakika nzima mpaka wa nyuma yake wakamsukuma kwa maneno. Philemoni alipofika hakuwa na leso. Alivua koti. Alilipunga kichwani kama anafukuza ndege shambani, na machozi yanamtoka, na mimi pia. Nilisoma midomo yake. Alisema, "Umeniona?" Nikamwambia, "Nimekuona."

Nimepokea salamu mia na moja. Wawili walikuwa na mafua, wamebaki nyumbani, na hakuna aliyewasema vibaya.

Hapa mtu ananinyang'anya kalamu.

*Mume wangu Brayson. Mimi Tabea. Sijambo. Mwenzako ananihesabu pumzi kila asubuhi kama anahesabu vifaranga, mwambie aache. Leo zilikuwa kumi na nane, akatangaza kwa majirani. Siku nyingine ukiumwa niambie. Sitashuka. Nitatuma chai. Usimalize salio, njoo mwenyewe.*

Nimeirudisha kalamu. Umesikia mwenyewe. Atashuka tu, usimwamini.

Nanenane ni Alhamisi na zahanati yako haitakufa kwa siku moja. Kama huna homa wala kikohozi, njoo. Philemoni ametujengea kibuyu kingine hapa kwenye lango, na kamba yake ni ndefu. Kanyaga kijiti kwa ncha ya kiatu, nawa hadi kwenye viwiko, jikaushe kwa upepo, kisha njoo nilipokaa unipe mkono. Leso ni nzuri, sikatai. Lakini nina wiki nne sijasikia mtu, na ninataka wa kwanza uwe wewe.

Mke wetu hajambo.

Babu yako,
Sadoki